Mwongozo Kamili: Wiki Nane za Kujinoa kwa Usaili wa Vitendo wa Uhazili

“Dada, mchujo nimepita, kwenye vitendo nimeanguka. Nifanyeje?” Swali hili nimeulizwa na wadogo zangu wengi mno, na wanaouliza si wavivu. Wana stashahada na wanajua majibu ya darasani. Ila mikono yao imekaa mwaka, wengine miaka mitatu, bila kushika hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunasa maneno yanaposemwa, tangu mtihani wa mwisho wa chuo.

Tangazo la Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II (wengi bado tunasema katibu mahsusi) hutaka kidato cha nne au cha sita, stashahada ya uhazili au NTA ngazi ya 6 (NTA ni ngazi za taifa za tuzo za ufundi, na ya 6 ni stashahada), ufaulu wa hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika, na kompyuta: Word, Excel, PowerPoint, intaneti, barua pepe na Publisher. Cheti kinakuingiza kwenye orodha ya walioitwa. Chumba cha vitendo kinataka vidole.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye stashahada, au aliye mwaka wa mwisho. Kama hujaanza kabisa, njia ni NTA 4, kisha 5, kisha 6, na mlango wa kuingilia ni ufaulu wa masomo angalau manne ya kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Dar es Salaam, Tabora, Tanga, Mtwara, Singida na Mbeya. Ukichagua chuo kingine, uliza mambo mawili kabla ya kulipa ada: je, kimesajiliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na je, kinafundisha hatimkato hadi maneno 100? Jina la kozi lisikudanganye. Kozi inaweza kuitwa ya uendeshaji wa ofisi na hatimkato isiwemo.

## Mahitaji

- Kompyuta yenye kibodi kamili. Simu haifai. Kama huna, zungumza na mwenye stesheneri wa mtaani akuachie mashine asubuhi kabla wateja hawajamiminika.
- Daftari mbili za hatimkato, zile zinazofunguka kwa juu.
- Penseli nne za HB na kichongeo. Mfumo unaotofautisha mstari mwembamba na mnene, kama wa Pitman, hauendi na kalamu ya kawaida ya wino: p na b zitafanana, t na d zitafanana.
- Kitabu kilekile cha hatimkato ulichosomea. Usibadilishe mfumo sasa.
- Simu ya kurekodia sauti na kupimia muda.
- Kurasa kama ishirini za Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, zinazopatikana kwenye tovuti ya Bunge. Ni Kiswahili cha ofisi kilichosemwa kwa mdomo kisha kikaandikwa. Huwezi kupata imla nzuri kuliko hiyo, tena bure.
- Saa moja na nusu kila siku, siku sita kwa wiki. Kusoma saa tisa Jumamosi na kupumzika siku tano hakusaidii vidole.

## Hatua ya 1: Jipime kabla ya kuanza (siku ya kwanza)

Chapa ukurasa mmoja wa Hansard kwa dakika tano bila kurudi nyuma kusahihisha. Kisha mwombe mtu akusomee maneno 300 kwa dakika tano, yaani kasi ya 60, uandike hatimkato, halafu uichape.

Andika matokeo: mibonyezo mingapi kwa dakika, makosa mangapi, na maneno mangapi ya hatimkato yalikushinda kusoma.

Nasema mibonyezo kwa sababu kipimo cha kawaida cha uchapaji huhesabu mibonyezo mitano kuwa neno moja. Maneno yetu ni marefu. “Hawatatuandikia” ni neno moja kwa macho, lakini kwa kipimo hicho ni maneno matatu. Ukihesabu maneno kwa macho utajiona mzembe kuliko ulivyo.

Tahadhari: usijifariji kwa kifungu unachokijua. Tumia kipya.

## Hatua ya 2: Rudisha vidole mahali pake (wiki ya 1 na ya 2, dakika 30 kwa siku)

Weka vidole vya kushoto kwenye A S D F na vya kulia kwenye J K L na kitufe kinachofuata. F na J zina vijinundu ili uzipate bila kutazama. Funika mikono kwa kitambaa cha jikoni kama huwezi kujizuia kuchungulia. Mimi nilitumia kanga.

Jambo ambalo mazoezi ya Kiingereza hayakwambii ni kwamba herufi inayotumika kuliko zote kwa Kiswahili ni A, nayo iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Jirani yake W ni ya kidole cha pete. Sasa chapa “wakawakataza” uone mkono wa kushoto unavyolalamika. Anayejifunza kwa programu za Kiingereza peke yake hufikia kasi nzuri kwa Kiingereza, kisha akipewa barua ya Kiswahili anapunguza mwendo bila kujua sababu.

Kwa hiyo fanya mazoezi ya mistari ya kwetu, kila mmoja mara kumi:

- wawakilishi walikaa wakajadili taarifa ya kazi
- kwa kuwa wakaguzi wamewasili, wapatiwe majalada
- tafadhali wasilisha kwa wakati

Zima masahihisho ya kiotomatiki ya Word kabla ya kuanza. Yamewekwa kwa ajili ya Kiingereza, na yatakubadilishia herufi bila kukuuliza.

Umefaulu ukiona: mibonyezo 250 kwa dakika (sawa na maneno 50), makosa yasiyozidi matatu kwa ukurasa, macho yakiwa kwenye karatasi muda wote.

## Hatua ya 3: Hatimkato kutoka 60 hadi 100 (wiki ya 1 hadi ya 8, dakika 45 kwa siku)

Wengi wanaangukia hapa, kwa hiyo tukae.

Andaa imla. Chukua kifungu cha maneno 300. Kwa kasi ya 60, weka alama ya mkwaju (/) kila baada ya maneno 15. Kwa 80, kila maneno 20. Kwa 100, kila maneno 25. Kila mkwaju ni robo dakika. Jirekodi ukisoma huku ukitazama saa, ufike kwenye mkwaju sekunde 15 zinapotimia. Kifungu hicho kitachukua dakika 5 kwa kasi ya 60, dakika 3 na sekunde 45 kwa 80, na dakika 3 kamili kwa 100.

Ukijirekodi bila mikwaju utaanza mbio na kumalizia ukitembea, kisha utadhani umeandika kwa 100.

Panda ngazi. Kifungu kimoja kiandike siku tatu: leo kwa 60, kesho kwa 70, keshokutwa kwa 80. Mara ya tatu mkono unakijua, unaacha kuogopa kasi. Lakini kila siku ongeza kifungu kimoja kigeni kwa kasi unayoimudu, maana chumbani hutapewa unachokijua. Kila wiki sogeza mwanzo kwa maneno matano au kumi. Wiki ya nane jizoeze kwa 110, ili 100 ije ikiwa imepoa.

Unganisha mafungu. Orodhesha mafungu arobaini yanayojirudia katika lugha ya ofisi: kwa niaba ya, kwa mujibu wa, pamoja na, hata hivyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, napenda kuchukua fursa hii. Kila fungu liwe na umbo moja unaloliandika bila kunyanyua penseli. Liandike mara ishirini asubuhi ukisubiri chai ichemke. Msemaji akisema “napenda kuchukua fursa hii”, wewe unapata sekunde mbili za kupumua. Pumzi hizo ndizo zinazokufikisha mwisho wa kifungu.

Usiache irabu zinazobeba maana. Hatimkato huishi kwa konsonanti, irabu ni vidoti na vistari unavyoweza kuviruka ukiwa na haraka. Kiswahili hakikusamehi ukiviruka ovyo. Soma, sema, sima na sumu zote ni s na m. Alipata, ulipata na ilipata zote ni l, p, t, kwa sababu viambishi vya nafsi na ngeli hapo ni irabu tupu.

Mara nyingi ngeli itakuokoa: ukiona “mradi” mbele ya l-p-t, ni lazima iwe “ulipata”. Balaa ni sentensi inayoanza na kitenzi, na mwisho wa kitenzi. Bosi wangu wa kwanza alinisomea barua ya kwenda kwa mhasibu: “Nakuomba umlipie mgeni chumba cha siku mbili.” Nikaruka irabu, nikachapa “umlipe mgeni”, na “chumba” nikakipotezea kabisa. Mhasibu alipiga simu kuuliza mgeni anadai kiasi gani. Bosi alicheka. Msailiwa anayefanya hivyo hachekewi, anakatwa alama.

Kanuni yangu: irabu ya kwanza ya kitenzi weka daima. Irabu za mwisho weka pale tu zinapogeuza amri kuwa taarifa (atume, atuma) au zinapobeba kauli (lipe, lipie). Nyingine acha.

Tahadhari: neno likikupita, acha nafasi na endelea. Anayesimama kutafuta neno moja hupoteza kumi yanayofuata.

Umefaulu ukiona: kifungu kigeni cha dakika tatu kwa kasi ya 100, na nafasi tupu zisizozidi tano.

## Hatua ya 4: Isome na uichape, siku hiyohiyo

Nikimwomba mtu daftari lake la mazoezi, hukuta kurasa na kurasa za hatimkato nzuri. Nikimwambia anisomee ukurasa wa juzi, kimya. Aliandika, akafunga, akalala.

Msaili hasomi daftari lako. Anasoma ulichochapa. Kwa hiyo kila imla uichape kabla hujaondoka kwenye kiti, kisha ilinganishe na kifungu chenyewe neno kwa neno. Makosa yaandike nyuma ya daftari katika safu mbili: ulichosikia, ulichochapa. Baada ya wiki mbili utaona makosa yako ni yaleyale saba au nane. Hayo ndiyo ya kufanyia kazi, si kitabu kizima.

Mara moja kwa wiki soma ukurasa wa siku kumi zilizopita. Ukiusoma bila kukwama, maumbo yako ni safi.

Umefaulu ukiona: maneno 300 yamechapwa ndani ya dakika 15, yakiwa yamesahihishwa.

## Hatua ya 5: Barua rasmi bila kutazama mfano (wiki ya 3 na ya 4)

Umbo la barua ya serikali lazima likae kichwani: anwani ya ofisi na kumbukumbu namba juu, tarehe, anayeandikiwa, kichwa cha habari kinachoanza na YAH:, mwili, sahihi, jina, cheo, na nakala chini.

Mambo matatu huwaponza watu.

La kwanza ni namba za aya. Aya ya kwanza haiandikwi namba. Ya pili ndiyo inaanza na “2.”, na kuendelea. Anayeandika “1.” anaonekana papo hapo kuwa hajawahi kushika jalada.

La pili, kumbukumbu namba si pambo. Mwishoni mwake huja namba ya folio, yaani nafasi ya barua hiyo ndani ya jalada. Unapojibu barua, itaje: “Rejea barua yako yenye Kumb. Na. … ya tarehe …”

La tatu ni anayesaini kwa niaba. Kama si mkuu wa taasisi, chini ya sahihi huja “Kny:” na cheo cha mkuu. Kusahau hapo ni kumpa mtu madaraka asiyokuwa nayo.

Zoezi: chapa barua moja kila siku kutoka kwenye imla. Mara mbili kwa wiki, itume kwa majina kumi yaliyo kwenye Excel kwa kipengele cha Word cha kuunganisha barua moja na orodha. Ukiweza hilo, jedwali rahisi la Excel lenye jumla, na slaidi tano za PowerPoint zisizo na mbwembwe, upande wa kompyuta unatosha. Publisher fungua mara mbili tu, utengeneze tangazo na kadi ya mwaliko.

## Hatua ya 6: Muhtasari wa kikao (wiki ya 5 na ya 6)

Kosa kubwa ni kuandika kila kilichosemwa, kama umbea. Muhtasari unabeba hoja, uamuzi, mhusika na tarehe. Tazama. Kikao cha Septemba, watu wanasema hivi:

*“Jamani hii printa ya ghorofani imetuchosha, kila siku fundi, kila siku fundi!” “Hela ipo, lakini ya robo ijayo.” “Haya, mtu wa ununuzi alete bei tatu kabla ya tarehe 15 mwezi ujao.”*

Wewe unaandika:

*4.1 Kikao kilielezwa kuwa printa ya ghorofa ya kwanza huharibika mara kwa mara.*
*4.2 Kikao kiliarifiwa kuwa fedha za ununuzi zitapatikana katika robo ya pili ya mwaka wa fedha, Oktoba hadi Desemba.*
*4.3 Kikao kiliazimia Afisa Ununuzi awasilishe bei za wazabuni watatu kabla ya tarehe 15 Oktoba.*
*Mhusika: Afisa Ununuzi.*

“Robo ijayo” na “mwezi ujao” zimepata majina yao. Atakayesoma jalada hili baada ya mwaka hatajua “ujao” ulikuwa upi. Jina la aliyelalamika halimo, na halihitajiki.

Mpangilio wa kukariri: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru, waalikwa, kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, agenda zenyewe, mengineyo, kufunga. Chini, sahihi ya mwenyekiti na ya katibu.

Zoezi zuri ni kikao cha kikoba au cha kamati ya harusi. Omba uwe katibu. Watu wakibishana kuhusu michango wanakatizana na kurudi nyuma. Ukiweza kuwaandika hao, kikao cha idara ni mteremko.

Umefaulu ukiona: mjumbe ambaye hakuhudhuria anasoma na kujua afanye nini bila kukuuliza.

## Hatua ya 7: Majalada, shajara na mgeni mlangoni (wiki ya 7)

Majalada ni kazi rahisi ukiwa na nidhamu: kila barua inayoingia igongwe muhuri wa tarehe, ipewe folio, iingizwe kwenye daftari la masjala, ndipo iende kwa bosi ikiwa ndani ya jalada. Taasisi nyingi sasa zinatumia mfumo wa e-Office. Mantiki ni ileile, mkokoteni tu umebadilika.

Kwenye shajara, andika saa kwa njia zote mbili: “saa 4:00 asubuhi / 10:00”. Kalenda ya simu ya bosi inasema 10, mgeni amepiga simu akasema saa nne, na wewe ukiandika “4” peke yake kuna siku mtu atakuja jioni. Miadi isiyothibitishwa iandike kwa penseli.

Mgeni anaulizwa mambo matatu kwa heshima: jina, anakotoka, shida yake. “Shikamoo mzee, karibu ukae. Nimwambie mkurugenzi ni nani na ni kuhusu nini?” Usiseme “hayupo” wakati sauti ya bosi inasikika nyuma ya mlango. Sema “ana kikao, nikupangie saa ngapi?”

## Hatua ya 8: Usaili wa majaribio na siku yenyewe (wiki ya 8)

Fanya majaribio matatu kamili: imla ya dakika tatu kwa 100, kuichapa, barua moja, muhtasari mmoja, bila kunyanyuka. Moja ulifanyie kwenye kompyuta usiyoizoea, sehemu yenye kelele. Kibodi ngumu ya mtu mwingine imewaangusha wengi walioifunza mikono yao kwa kompyuta mpakato laini ya nyumbani.

Siku tatu kabla, ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya serikali ya maombi ya kazi, unakili namba ya usaili na uhakiki mahali. Panga vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama unacho, na stashahada. Hati za matokeo pekee hazikubaliwi. Beba kitambulisho. Kama majina yako yanatofautiana kwenye nyaraka, hata kwa herufi moja, hati ya kubadili jina ishughulikie mapema. Nimeona watu wakirudishwa getini na hatimkato yao safi kichwani.

Ukishaketi: fungua Word, zima masahihisho ya kiotomatiki, hifadhi faili kwa jina utakaloelekezwa, na endelea kuhifadhi kila baada ya aya. Umeme ukikatika hautakuuliza kama umemaliza.

Imla ikianza, subiri maneno mawili matatu yapite ndipo penseli iguse karatasi. Ukiandika neno pamoja na msomaji utamkimbiza. Ukibaki nyuma yake kidogo utasikia fungu zima kabla ya kuliandika, na lile umbo ulilolichora mara ishirini ukisubiri chai litakuja lenyewe.

Acha penseli mbili zilizochongwa mkono wa kulia wa daftari. Ya kwanza ikivunjika, usiiokote.